Tuache kumdanganya mtafiti



Msimu uliopita gari lilisimama kando ya shamba letu la majaribio, huku kwetu kwenye bonde la Ruzizi. Kijana mmoja akashuka na daftari mkononi. Alikuwa barabarani tangu alfajiri, na alikuwa na mashamba mengine matatu ya kuona kabla jua halijashuka. Akauliza: «Mbegu iko je?» Tukajibu wote kwa mara moja, kama watoto wa shule: «Iko muzuri sana, injenieri. Mutuongezee.» Akaandika. Akapiga picha. Akapanda gari.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Robo ya shamba lile tulikuwa tumekwisha kuling'oa mwezi mmoja kabla, ju ya kulipa masomo ya watoto, na hakuna aliyepima hata kilo moja. Sehemu iliyobaki ilikuwa na majani ya kijani, yanapendeza macho. Lakini mama mmoja wa koperative alikuwa amekata mizizi mitatu jikoni kwake akakuta ndani yake madoa ya kahawia, magumu na makavu, ya kutupa tu. Alikuja kutuambia. Tukamwomba anyamaze mpaka gari liende.

Miezi michache baadaye tulipewa kazi ya kuzalisha miti ya mbegu ileile, kwa sababu kwenye raporti ilikuwa «inapendwa na wakulima». Tukaizalisha. Tukafunga mabunda, tukauza. Mengine yalipanda kuelekea Luvungi, mengine yalishuka mpaka upande wa Makobola. Baadhi ya walionunua wanasoma gazeti hili. Tunaandika ukurasa huu kwanza kwa ajili yao.

Agronomu wa shirika alipokuja kukata mizizi yeye mwenyewe, alisema dalili ni za michirizi ya kahawia. Si mozaiki. Mozaiki tunaijua, inajionyesha kwenye jani: jani linakunjika, linakuwa na mabaka ya njano, hata mtoto anaiona. Michirizi ya kahawia ni ya kujificha. Mti unaweza kusimama vizuri, na muhogo unaoza chini ya udongo. Inzi weupe wanaieneza, lakini safari zake ndefu inazifanya ndani ya bunda la miti, juu ya kichwa cha mtu au nyuma ya pikipiki. Safari hii pikipiki ilikuwa yetu.

Katika kikao kilichofuata, agronomu yuleyule alituletea karatasi juu ya watafiti wa kilimo waliopata tuzo kubwa za dunia. Nadhani alitaka kutupa moyo. Tuliisoma chini ya mwembe, mmoja anasoma, wengine wanauliza, na kwa kweli mwanzoni tuliisoma kama mtu anavyosoma habari za wachezaji wa mpira wa Ulaya. Lakini tulivyoendelea tuliona jambo moja linarudi katika kila maisha ya wale watu. Jambo hilo linatuhusu sisi kuliko linavyowahusu wao.

Kuna tuzo inaitwa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Ilianzishwa mwaka 1986 na Norman Borlaug, Mmarekani ambaye mwenyewe alipata Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi ya ngano. Kazi hiyo aliianza Mexico mwaka 1944. Hesabuni wenyewe: ni miaka 26. Tuzo hutolewa kila mwaka katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, ambako watu wanalima mahindi kama sisi tunavyolima mihogo.

Aliyetugusa zaidi ni Hans Herren. Yeye ni Mswisi, lakini habari yake inaanzia nchini kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wanaolima kandokando ya Kinshasa na Brazzaville walianza kuona ncha za mihogo zinajikunja, majani yanasongamana kama ngumi. Walipofungua wakakuta kidudu kidogo cheupe, kama kimepakwa unga. Hakikuwa kidudu cha Afrika. Kilitoka Amerika ya Kusini, kule kule muhogo wenyewe ulikotoka zamani, na inaaminika kilivuka bahari kwenye miti ya kupanda iliyobebwa na watu. Kwa hiyo si sisi wa kwanza kusafirisha balaa ndani ya bunda. Kule kwao kile kidudu kilikuwa na maadui wa kukipunguza. Huku hakikuwa na hata mmoja. Kikapita nchi baada ya nchi, na mahali pengine kilikula mpaka asilimia 80 ya mavuno. Mwaka 1974 Zaire ilianzisha programu ya taifa ya muhogo, PRONAM, pale M'vuazi, Bas-Zaïre, na kidudu hicho kilikuwa moja ya sababu.

Herren alizaliwa mwaka 1947 na kukulia shambani. Alifika Ibadan, Nigeria, kwenye kituo cha IITA, mwaka 1979, akiwa kijana wa miaka thelathini na kidogo. Dawa ya kupulizia ilikuwepo, lakini nani angeinunua? Mama mwenye kipande cha muhogo cha kulisha nyumba yake? Herren akasema twende tukatafute adui wa kidudu hiki kwao. Si wengi walioamini. Walitafuta sehemu nyingi za Amerika, na mwaka 1981 mtafiti mwingine, Anthony Bellotti, akakikuta kidudu chenyewe Paraguay. Huko huko akapatikana nyigu mmoja, mdogo karibu kama chembe ya ulezi. Nyigu jike anataga yai ndani ya kidudu. Mtoto wa nyigu anakila kutoka ndani mpaka kinabaki ganda kavu. Nyigu hao walipelekwa Uingereza kwanza, wakachunguzwa wasije wakaleta balaa nyingine, halafu Ibadan, na mwisho wa mwaka uleule wakaachiliwa mashambani Nigeria. Baadaye walimwagwa hata kwa ndege. Hakuna mkulima aliyelipa franka moja, na nyigu wanaendelea kuzaana wenyewe.

Tuzo ilikuja mwaka 1995, miaka 16 tangu afike Ibadan. Na sehemu ambayo watu hawaisimulii kwenye sherehe ndiyo tuliyokaa nayo sisi muda mrefu. Baada ya kuachilia nyigu, kazi ya kuchosha ndiyo ilikuwa inaanza. Ilibidi watu warudi mashambani, mwaka kwa mwaka, nchi kwa nchi, kuhesabu. Kwenye ncha hii vidudu wangapi? Wangapi wamekufa kwa nyigu, wangapi kwa mvua? Peter Neuenschwander, Mswisi mwingine wa kituo kilekile, alikuwa mmoja wa waliosimamia kazi hiyo ya kufuatilia. Walifungua ncha kwa mikono, wakaandika walichokiona.

Sasa mjiulize kama tulivyojiuliza sisi: kama wangekuwa wanauliza tu «iko je?», na wakulima wote wakajibu «iko muzuri, mutuongezee», je, nani angejua kama nyigu anafanya kazi?

Wa pili ni jirani kabisa. Robert Mwanga ni Mganda. Alianza kushughulikia viazi vitamu katika utafiti wa taifa lake tangu miaka ya 1980, kwenye kituo cha Namulonge, karibu na Kampala. Mwaka 2016 alipewa ile Tuzo ya Chakula ya Dunia pamoja na Maria Andrade wa Cape Verde, aliyefanya kazi Msumbiji, na Wamarekani wawili, Jan Low na Howarth Bouis. Kazi ya Mwanga, Andrade na Low ilikuwa viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa, vyenye vitamini A, ile ambayo mtoto akiikosa anaanza kupapasa ukuta jioni. Kama mnakula mawese mekundu mnaipata pia, lakini si kila nyumba ya Afrika ina mawese.

Mwanzo wa viazi vile haukuwa mzuri. Vile vya rangi vilivyoletwa kutoka nchi za mbali vilikuwa na maji mengi. Ukivipika vinalegea. Wakulima wa huku kwetu Afrika ya Mashariki wanataka kiazi kikavu, cha unga, kinachoshiba, na walisema hivyo wazi. Pia vilishikwa na ugonjwa wa virusi haraka, miti inadumaa. Mtafiti mwenye kiburi angesema hawa watu hawajui faida ya vitamini, tuwafundishe. Mwanga na wenzake waliandika malalamiko yale, wakarudi kuchagua upya.

Na mwaka 2004 Uganda ilipotoa rasmi aina mbili za viazi vya rangi, Ejumula na Kakamega, zote mbili zilikuwa viazi ambavyo tayari vilikuwa mikononi mwa wakulima. Kakamega ilitoka kwa wakulima wa magharibi ya Kenya. Ndiyo! Watafiti walizipima, wakazisafisha, wakaziandikisha, lakini hawakuzitengeneza. Mwaka 2007 zikafuata Kabode na Vita, na mbegu yao ilichukuliwa kwenye ile Kakamega. Halafu mwaka 2010 ikatoka moja inayoitwa NASPOT 11, ambayo wakulima wa Uganda walikaa pamoja na watafiti kuichagua tangu mwanzo, wakitupa wasichokipenda na kusema kwa nini.

Kwa nini. Maneno hayo mawili sisi hatujawahi kuulizwa, na kwa haki tuseme pia hatujawahi kujilazimisha kuyasema.

Wavuvi wanaosoma hapa wasijione wageni. Mukeke tunayemla Uvira ana jina la kisayansi, Lates stappersii. Hilo «stappersii» ni Louis Stappers, daktari Mbelgiji aliyezunguka ziwa hili kabla ya vita ya kwanza ya dunia, akikusanya samaki na kupima maji. Waliomletea samaki walikuwa na jina lao la mukeke muda mrefu kabla yake. Majina yao wenyewe hatuyakuti popote. Inatuuma kidogo, tusifiche. Lakini Stappers alifanya jambo moja la maana: mwaka 1913 alipima joto la maji, kina kwa kina, na akaandika. Miaka 90 baadaye, mwaka 2003, watafiti walichukua namba zile wakazilinganisha na za wakati wao, wakaonyesha kwamba Ziwa Tanganyika limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na chakula cha samaki wadogo kinapungua. Kama Stappers angeandika «maji iko muzuri», leo tungekuwa tunalaumiana tu juu ya nyavu. Nyavu nazo zina makosa yake, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Basi jambo tuliloliona linarudi katika maisha ya watu hawa ni hili. Hakuna aliyepata tuzo kwa msimu mmoja. Walikaa na zao moja miaka kumi na sita, ishirini na sita, thelathini. Na mashamba waliyokaa nayo yaliwaambia ukweli, hata ukweli mbaya, hasa ukweli mbaya. Sisi tunashindwa kwenye yote mawili.

Kwa nini tunadanganya? Tuseme wazi, hii ni gazeti letu. Projeti inakuja kwa miezi 18 au 24. Kila mmoja wetu anajua itaisha, na anajua kijiji cha pili nacho kinaitaka. Ukisema mbegu ni mbaya unaogopa gari halitarudi. Hautapata mfuko, jembe, pesa kidogo ya siku ya mafunzo. Mtu mwenye njaa hasemi ukweli kwa mwenye sahani. Tena kuna adabu yetu ya zamani: mgeni ametoka mbali, ametoa jasho, huwezi kumwambia alicholeta kimeoza. Baba zetu walituzoeza kusema «ndiyo, bwana» kwa kila mwenye karatasi, na wao walizoezwa kwa fimbo, wakati wa pamba ya lazima katika bonde hilihili. Mazoea kama hayo hayaishi kwa kizazi kimoja.

Watafiti nao wana sehemu yao, na tusiwape msamaha wa bure. Wengine wanakuja saa mbili tu. Wanauliza kwa Kifaransa, prezida anajibu kwa niaba ya watu wote, na mama aliyeona muhogo umeoza jikoni yuko nyuma, anabeba mtoto. Swali lao tayari limejibiwa ndani ya swali: «Mulifurahi na mbegu?» Nani atasema hakufurahi? Wakuu wao nao wanataka namba nzuri ya kupeleka kwa wafadhili. Halafu matokeo hayarudi. Tumetoa udongo wetu kwenye vifuko mara ngapi, tumetoa majani, tumetoa siku zetu za kulima, na tangu hapo hatujaona karatasi hata moja inayosema udongo wenu una hiki, umepungukiwa hiki. Vita ikifunga barabara gari halionekani tena, na hilo tunalielewa. Lakini karatasi inaweza kupita kwenye simu.

Na juu ya jina nani analichukua, Wakongomani tuna mfano mkubwa, ingawa ni wa magonjwa ya watu, si ya mimea. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtoto wa wakulima, alizaliwa mwaka 1942, akasoma Kinshasa na Ubelgiji, akarudi. Mwaka 1976 alifika Yambuku katikati ya ugonjwa ambao bado haukuwa na jina, akachukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu. Damu ilisafiri mpaka Antwerp, na kwa miaka mingi vitabu vya dunia vilitaja wengine zaidi kuliko yeye kwenye habari ya kugundua Ebola. Mwaka 1995, Kikwit, aliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, 7 waliishi. Kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilikuja kupatikana dawa iliyojaribiwa hapa mashariki, na mwaka 2019, mwaka uleule Ebola ilipofika hata Mwenga katika jimbo letu, matokeo yalionyesha kwamba inaokoa watu. Mwaka huohuo Japani ikampa tuzo ya Hideyo Noguchi. Kati ya Yambuku na tuzo ni miaka 43. Alibaki, ndiyo maana alikuwepo.

Hatusemi mkulima naye apewe medali Iowa. Tunasema kitu kidogo zaidi. Raporti ikiandikwa juu ya shamba la koperative, jina la koperative liwe ndani, na matokeo yarudi kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha.

Kuna jambo la watoto pia, halikuwa kwenye karatasi ya agronomu lakini lilizusha maneno mengi kuliko yote. Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyepata Tuzo ya Chakula mwaka 2009 kwa mtama unaostahimili ukame na ile kwekwe mbaya inayonyonya mizizi, alizaliwa ndani ya nyumba ya nyasi yenye chumba kimoja. Mama yake alimlazimisha kusoma. Alitembea kilomita 20 Jumapili kwenda shule, akirudi nyumbani Ijumaa. Thomas Odhiambo wa Kenya, aliyeanza kama afisa wa kilimo Uganda, alisoma mambo ya wadudu Cambridge, akarudi na kuanzisha kituo cha icipe Nairobi mwaka 1970. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika, ile ya kupigana na njaa. Herren mwenyewe alikuja kuongoza icipe baada yake, kuanzia 1994.

Hapa kwetu mtoto akisema anataka kusoma kilimo, tunamuuliza: «Nilikulipia shule ili urudi kwenye jembe?» Tunamtaka awe daktari, au aende kwenye shirika apate gari. Tuna INERA Mulungu, tuna kituo cha utafiti wa ziwa hapahapa Uvira kwenye ukingo wa maji, tuna vitivo vya kilimo Bukavu. Ni wangapi kati yetu wamewahi kumpeleka mtoto kuviona? Wazee wawili kwenye kikao walisema hiyo ni ndoto ya watu wenye pesa, kwamba mtafiti wa serikali anakaa miezi bila mshahara na mwisho anauza mikopo ya simu. Hawakusema uongo. Lakini mama yule wa mizizi mitatu alijibu kwamba mtoto wake anayependa kufungua kila mdudu anayemkuta ameshapigwa mara nyingi kwa hilo, na kuanzia siku ile hatampiga tena. Tulicheka. Hakucheka yeye.

Sasa tumefanya nini? Tulianza na aibu. Tumewatafuta walionunua mabunda yetu, mmoja mmoja, wale tunaowakumbuka, na tumewaambia: ngojeni miti ifike umri wa kuvuna, kateni mizizi katikati, sehemu tatu za kila muhogo, msitazame majani. Mkikuta kahawia, msichukue mti hata mmoja wa shamba lile kupanda tena wala kumpa jirani. Kuleni iliyo mizima, ng'oeni yote, mchome miti. Pesa zao tunarudisha kidogo kidogo kutoka kese ya koperative. Wanamemba watatu walipinga, na walikuwa na sababu zao, lakini wengi walikubali. Ambaye hatujamfikia na anasoma hapa, aje.

Pili, yule kijana wa daftari tulimpigia simu. Tulimwambia yote: robo iliyong'olewa, kilo ambazo hazikupimwa, mizizi ya jikoni. Tulingoja atukane. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza mizizi ilikatwa tarehe gani, na kama kuna aliyeandika. Hakuna aliyeandika. Akasema hilo ndilo linalomsumbua kuliko uongo wenyewe.

Kwa hiyo tumenunua daftari, lile kubwa la gamba gumu. Kila shamba la majaribio lina ukurasa wake: siku ya kupanda, miti ilitoka wapi, mvua ya kwanza, siku ya kung'oa, kilo, na sehemu ya mwisho ambayo tumeiandika kwa kalamu nyekundu, «Hatukupenda nini, na kwa nini». Haiandikwi na prezida. Inaandikwa na yule mama, na kwa sababu yeye hajui kuandika vizuri, mtoto wake wa wadudu anamwandikia akimsomea kwa sauti ili asikie kama ameongeza neno. Sehemu iliyotengwa kwa kupima haing'olewi kwa ajili ya masomo, wala harusi, wala kilio. Kwa hayo tumetenga mistari mingine pembeni. Na gari likija, kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, tunang'oa mashina matano mbele ya wageni na kuyakata hapohapo.

Msimu A umeanza, kurasa nne zimekwisha kujaa, moja ina maneno mabaya sana juu ya maharagwe tuliyopewa. Daftari liko kwa sekretere. Koperative nyingine ikitaka kulitazama au kulinakili, ije siku yoyote isipokuwa siku ya soko.